Kulijua Ua la Moto

Mhariri wa gazeti letu ameniomba niandike habari za bustani ndogo iliyo nyuma ya maabara, kwa kuwa wengi huiona wakipita kwenda bombani, nao huuliza kwa nini imezungushiwa seng'enge, na kwa nini kibao chake kimeandikwa USICHIMBE. Nakubali kwa furaha. Kwanza, maua yaliyomo humo ni ya kwetu hapa hapa Mwanza, wala hayakutoka katika pakiti ya dukani. Pili, limo ua moja ambalo kila mtoto wa kando ya ziwa hili yampasa kulijua, si kwa ajili ya uzuri wake tu, bali kwa ajili ya uhai wake mwenyewe.

Mji wetu unajulikana kwa mawe. Mgeni akifika huonyeshwa Jiwe la Bismarck lililosimama majini, kisha huinua macho akaona vilima vilivyojaa mawe makubwa yaliyobebana kana kwamba jitu lilikuwa likiyapanga likachoka. Lakini kati ya mawe hayo mna nyufa na vibonde vyenye udongo. Ni udongo wa kichanga, ambao Wasukuma huuita luseni, uliotokana na mawe hayo hayo ya matale yaliyomomonyoka kwa miaka mingi sana. Udongo huu haukai na maji. Mvua ikinyesha hulowa upesi, na jua likiwaka hukauka upesi. Kwa hiyo mmea utakao kuishi hapo hauna budi kuwa na akiba. Mingine, kama mishubiri, huweka akiba yake katika majani manene. Mingine huiweka chini ya ardhi, ikalala huko wakati wote wa kiangazi, na kuamka mvua zinaporudi. Hii ya namna ya pili ndiyo nitakayoieleza.

Ua lenyewe wataalamu huliita Gloriosa superba, jina lililotolewa na Linnaeus mwaka 1753. Sisi wa Chama cha Bustani tumezoea kuliita ua la moto, na kila aliyeliona likiwa wazi hatauliza sababu. Mimi nililiona mara ya kwanza mwezi wa Januari, wiki ya pili tangu kuingia Kidato cha Kwanza, katika mawe yaliyo juu ya mabweni. Mmea wake ulikuwa umepanda juu ya kichaka cha miiba mpaka kimo cha mtu, na maua yake yalining'inia kama ndimi za moto zilizogeuzwa. Nikamwuliza Bwana Mwalimu wa Baiolojia jina lake. Hakunijibu mara moja. Alinipa daftari, akasema, "Nenda ukalitazame kila juma mpaka mwaka uishe, uandike unachoona. Ndipo nitakapokuambia jina, nawe utakuwa unajua ni jina la kitu gani."

Basi nilikwenda kila Jumamosi baada ya kufua. Nitawaeleza niliyoyaona kwa mpango wa majira, na si kwa mpango wa daftari, ili msomaji ayashike kwa urahisi.

Mvua za vuli zikishalowesha ardhi vizuri, hasa mwezi wa Novemba, chipukizi hutokeza kama ncha ya mkuki. Majani yake ya kwanza ni ya kijani kinachong'aa, na mistari yake inakwenda sambamba toka chini mpaka juu kama majani ya mahindi. Mmea ukifika kimo cha goti hufanya jambo ambalo ndilo alama yake kubwa. Ncha ya kila jani hurefuka ikawa kama uzi, na uzi huo hujisokota na kushika kijiti chochote kilicho karibu. Twajua kwamba mikunde hupanda kwa kuzungusha shina, na maboga hupanda kwa nyuzi zitokazo kwenye shina. Lakini ua la moto hupanda kwa ncha za majani yake. Mmea ukiwa bado hauna ua, tazama ncha za majani.

Mwishoni mwa Desemba na mwezi wa Januari huja maua. Ua lina petali sita, na petali hizo badala ya kutazama chini pamoja na ua hupinda kwenda juu, kingo zake zikiwa na mawimbi. Likifunguka huwa rangi ya kijani na manjano. Baada ya siku chache ncha zinageuka nyekundu huku mashina ya petali yakibaki manjano, na likikaribia kuzeeka huwa jekundu lote. Kwa hiyo mmea mmoja waweza kuwa na maua ya rangi tatu kwa siku moja, na wanafunzi wengi wamenibishia wakidhani ni mimea mitatu. Stameni zake ni sita, nazo husimama kuelekea nje kama vipini vya mwavuli. Pistili nayo haishuki moja kwa moja, bali hukunja kona ghafla na kwenda upande, mfano wa mkono uliokunjwa kwenye kiwiko.

Mwezi wa Aprili na Mei hutokea tunda kama kibumba kirefu cha kijani. Likikauka hupasuka pande tatu, na ndani yake zimo mbegu nyekundu kama shanga. Msomaji aangalie hesabu hiyo: petali sita, stameni sita, tunda la vyumba vitatu. Hesabu ya tatu na mara mbili yake ni desturi ya mimea ile ambayo mbegu yake ina jani moja tu, kama vile vitunguu na mayungiyungi. Mwezi wa Juni majani hugeuka manjano na shina hunyauka. Julai halionekani. Mwezi wa Agosti mtu aweza kusimama juu yake na kusema hapa pana mchanga mtupu.

Jirani yake katika mawe hayo ni mmea mwingine wa mvua, nao ni Scadoxus multiflorus. Sisi huuita tufe jekundu, kwa sababu juu ya kikonyo kimoja husimama maua madogo mengi sana, pengine zaidi ya mia, yakifanya tufe kamili kubwa kama chungwa kubwa au zaidi. Mara nyingi tufe hilo hutoka ardhini pamoja na majani au kabla majani hayajakomaa. Maua yake hayadumu. Ukikosa kupita kwa wiki mbili umekwisha kuyakosa mpaka mwaka ujao. Wakati huo ukiisha, litambue kwa majani yake mapana, laini, na kwa madoadoa ya zambarau yaliyo chini ya shina. Chini ya ardhi lina kitunguu. Wala neno hilo lisimdanganye mtu, maana kitunguu hicho nacho ni sumu.

Sasa nafika kwenye jambo lenyewe. Watu wengi hujua maua kwa wakati wake wa uzuri tu. Mmea wa namna hii huonekana wazi kwa wiki chache, nao hubaki ardhini miezi kumi na miwili. Je, wakati ua halipo, nani anaujua?

Swali hili nilipewa na bibi yangu. Nilipokuwa Kidato cha Pili nilikwenda kwake kwa likizo fupi ya Septemba, ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza, upande wa Sengerema. Siku zile tulivuka kwa kivuko kutoka Kigongo hadi Busisi, maana daraja lilikuwa bado halijafunguliwa. Lilifunguliwa mwaka 2025. Bibi alikuwa akilima sehemu mpya ya shamba apande mihogo, na mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka minane, alikuwa akifuata nyuma ya jembe na kuokota viazi vilivyosahauliwa ardhini. Jioni alivimwaga karibu na mafiga akaanza kuvifukia katika majivu ya moto, kimoja kimoja, huku akihesabu kwa sauti. Alipofika cha saba nikakiona mkononi mwake. Kilikuwa na ngozi ya kahawia, unene wa kidole gumba, kimekunjika katikati kama kiwiko, na ncha zake zote mbili zilikuwa zimechongoka.

Nikamwambia, "Hicho nipe mimi."

Akasema, "Dada, hiki ni kiazi, nimekiokota mwenyewe."

Bibi akasikia kutoka nje akacheka, "Mke mwenzangu, mbona wamnyang'anya mume wetu chakula chake?"

Nikatoka na kile kitu nikamwonyesha. Macho ya bibi hayaoni vizuri jioni, kwa hiyo alikipapasa kwa vidole. Hakukijua. Tukaweka viazi vile sita karibu na taa tukavikata ncha, navyo vikatoa utomvu mweupe kama maziwa, kama viazi vitamu vifanyavyo. Cha saba hakikutoa maziwa. Bibi akamnawisha mtoto mikono kwa sabuni, akanawa na yeye, na usiku ule kitu kile kililala ndani ya kopo lililofunikwa, juu ya dari.

Asubuhi mtoto alituonyesha mahali alipokitoa, karibu na kichuguu kilichoota kichaka. Bibi alipopaona akasimama kimya kidogo. Kisha akasema, "Ua la hapa nalijua tangu utoto wangu. Mama yetu alitukataza kuchimba chini yake. Lakini sasa ua lenyewe halipo. Huyu mtoto angejuaje?"

Nimelitafakari sana neno hilo. Bibi alikuwa na elimu, na elimu yake ilikuwa ya kweli, lakini ilikuwa imefungwa katika ua. Ua lilipolala, nayo ililala. Mimi sikumzidi bibi akili hata kidogo. Nilikuwa nimekiona kiazi kile mwaka uliotangulia tu, kwa sababu nitakayoieleza hivi punde.

Sumu iliyomo huitwa kolchisini. Imo katika mmea wote, lakini imezidi katika viazi vya chini na katika mbegu. Kazi yake mbaya ni kuzuia seli za mwili zisigawanyike. Mtu aliyekula huanza kwa kuungua mdomoni, kutapika na kuhara sana baada ya saa chache, hata hudhaniwa ana kipindupindu. Baadaye viungo vya ndani na uboho unaotengeneza damu huharibika. Nchini Sri Lanka na India madaktari wameandika habari za watu waliokula viazi hivi wakidhani ni viazi vikuu au viazi vitamu, na wengine wao walikufa. Kuvichemsha hakuvifanyi kuwa salama. Kwa hiyo mtu akila, hata kama ni kipande kidogo, asingojwe kuonekana kama ataugua. Apelekwe hospitali mara moja, na kipande cha mmea kichukuliwe ili mganga akione.

Lakini kitu kimoja chaweza kuwa na sura mbili. Kolchisini hiyo hiyo ni dawa ya jongo, ule ugonjwa wa kuvimba viungo ambao wengi huuita gauti. Katika jimbo la Tamil Nadu, huko India, wakulima hulima ua la moto mashambani na kuuza mbegu zake kwa watengenezaji wa dawa. Wataalamu wa mimea nao huitumia katika kuzalisha matikiti yasiyo na mbegu, kwa sababu ikizuia seli isigawanyike huifanya ibaki na kromosomu mara mbili. Ndiyo maana dawa hii hupimwa kwa miligramu na wenye elimu yake, wala haipimwi kwa kisu jikoni.

Kwa kuwa hatari iko chini ya ardhi, nataka kila msomaji ajue kutofautisha. Kiazi kitamu hufuatana na jani lenye umbo la moyo au la vidole, na ukikikata hutoa utomvu mweupe. Kiazi kikuu cha porini kina shina linalojizungusha kwenye mti, na majani yake yana umbo la moyo na mishipa itokayo mahali pamoja kwenye kikonyo. Hakuna jani lenye uzi kwenye ncha. Na viazi vya porini navyo viko vyenye sumu, visivyolika bila ujuzi wa wazee. Kiazi cha ua la moto huwa kama kiwiko, au kama herufi V, au kama kijiti chenye ncha. Lakini mtu asitegemee alama moja peke yake, maana kiazi cha mwaka wa kwanza hakina kiwiko, na kiazi kitamu kilichokaa sana chaweza kukosa maziwa. Kanuni bora ni fupi: usichokijua tangu jani mpaka mzizi, usikitie kinywani.

Sasa nirudi kwenye bustani, na namna nilivyopata kukiona kiazi hicho mapema. Mwezi wa Agosti wa mwaka wangu wa kwanza ilitangazwa kwamba madarasa mawili mapya yatajengwa, na msingi wake utapita katika mawe yale yale ya juu ya mabweni. Sote tuliyahitaji madarasa. Siku ile tulikuwa tumekaa sitini na wawili chumba kimoja, wala hakuna aliyesema ua lizuie darasa. Lakini Bwana Mwalimu alimwendea Mkuu wa Shule akaomba siku tatu, akapewa. Shida ilikuwa kwamba ardhi ilikuwa tupu kabisa. Hapo daftari likawa na faida, kwa sababu nilikuwa nimeweka alama ya jiwe lenye chokaa mbele ya kila mmea tangu Januari. Tulichimba mbele ya mawe hayo, mikono yetu ikiwa imefungwa mifuko ya plastiki, tukapata viazi ishirini na vitatu.

Kazi ya kuvihamisha yataka utaratibu, nami nitaieleza kwa kuwa wengine wanaweza kukutwa na jambo kama hilo.

Usitumie jembe karibu na kiazi. Anza mbali kidogo, kisha ondoa udongo kwa kijiti, maana kiazi hiki ni chepesi kukatika kama karoti. Chipukizi hutoka kwenye ncha tu, wala si popote kama kiazi cha mviringo. Ncha ikivunjika, sehemu iliyobaki huoza. Tayarisha mahali penye jua, ambapo maji hayatuami. Udongo wetu wa luseni wafaa sana ukichanganywa na samadi iliyokwisha kuoza. Udongo mweusi wa mbuga haufai, kwa kuwa hushika maji. Laza kiazi ubavu, kwa kina cha kama sentimita saba hadi kumi, na acha nafasi ya hatua moja fupi kati ya kiazi na kiazi. Simika vijiti vyembamba mapema, maana ncha ya jani haiwezi kushika mti mnene. Kisha acha.

Neno hilo la mwisho ndilo gumu. Kiangazi mmea huu hautaki maji hata kidogo. Mwenzetu mmoja mwenye huruma, alipoona bustani kavu mwezi wa Septemba, aliimwagilia siku tano mfululizo kwa maji ya ndoo yake mwenyewe, na maji mnajua yalivyo adimu bwenini. Viazi vilivyokuwa upande ule vikaoza. Hatukumlaumu, maana katika mazao mengine yote tendo lake lingekuwa jema. Katika viazi vyote ishirini na vitatu, kumi na saba vilichipua mwezi wa Novemba, na Januari tulirudi kutoka likizo tukakuta vimechanua. Tufe jekundu nalo tulihamisha vitunguu vitano, na vyote vikashika.

Baada ya hapo tulitaka kujaribu mbegu. Kuhamisha ni kuokoa kile kilichopo, lakini kuongeza kunahitaji mbegu. Mwezi wa Mei tulichukua mbegu arobaini, tukaziloweka usiku mmoja, tukazipanda katika makopo yenye mchanga. Wiki ya kwanza wanachama wote walikuja kutazama. Mwezi wa kwanza walikuja watatu. Mwezi wa pili nilikuwa naja peke yangu. Chipukizi la kwanza lilitokea mwezi wa tatu, na mengine yakafuata polepole mpaka mvua za vuli, yakawa kumi na tisa. Mmea wa mwaka wa kwanza ni mdogo, wenye majani machache kama unyasi, bila uzi kwenye ncha. Mtu asiyejua angeung'oa kama magugu. Ulipolala tulifukua mmoja tuutazame, na kiazi chake hakikuzidi punje ya karanga. Mwaka wa pili ulikuja mrefu zaidi, na nyuzi zikaonekana. Ua bado. Mmea wa mbegu huchukua miaka mitatu au minne mpaka utoe ua.

Nilisoma katika kitabu cha maktaba habari za ua jingine liitwalo Trillium, la misitu ya Marekani, Kanada na mashariki ya Asia, nikaona ni ndugu wa mbali wa hili letu, maana wataalamu wameyaweka yote mawili katika oda moja ya Liliales. Lenyewe limeshika hesabu ya tatu kuliko yote: majani matatu, petali tatu. Ua jeupe la namna hiyo ndilo alama ya jimbo la Ontario tangu mwaka 1937. Mbegu zake hubebwa na sisimizi, nalo likioteshwa kwa mbegu laweza kuchukua miaka saba na zaidi kabla ya kuchanua. Na kwa kuwa majani yake yako karibu sana na ua, mtu akilichuma ua huondoka pia na majani, basi mmea hukosa chakula cha mwaka mzima. Hivyo watu wa huko hufundishana kulitazama na kuliacha. Nilipoyasoma hayo nikaona shida yetu si ya mawe ya Mwanza peke yake. Popote duniani, kinachokua polepole huharibiwa upesi.

Nasi tunao mfano wetu katika Tanzania. Mwaka 1892 Mjerumani aliyeitwa Walter von Saint Paul-Illaire alichukua mmea mdogo wa maua ya zambarau kutoka nchi ya Tanga na milima ya Usambara, akaupeleka kwao. Mwaka uliofuata ukapewa jina la Saintpaulia. Leo unakaa madirishani katika nyumba zisizohesabika za Ulaya na Marekani, lakini aina zake kadhaa za porini zimebaki mahali pachache, kwa sababu misitu imepungua. Ua la moto nalo lina heshima ugenini na kwa majirani, maana ni ua la taifa la Zimbabwe. Na kitabu kikubwa cha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, Flora of Tropical East Africa, kilianza kuchapishwa mwaka 1952 na kumalizika mwaka 2012, kikiwa kimeeleza aina zaidi ya 12,000. Miaka sitini! Waliokianza wengi wao hawakukiona kikiisha.

Kwa sababu hiyo nina maombi matatu kwa wasomaji. La kwanza, mmea wa porini usichimbwe kwa sababu ni mzuri tu. Uchimbwe ikiwa mahali pake paharibiwa kweli, na kwa ruhusa ya mwenye mahali. Ukitaka kuotesha, chukua mbegu chache na kuacha nyingi. Katika hifadhi hata mbegu moja hairuhusiwi, kama waliokwenda kisiwa cha Saanane walivyoelezwa. Kisiwa hicho kidogo kilikuwa bustani ya wanyama tangu mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. La pili, wazazi wetu mnaosoma gazeti hili, tafadhalini waonyesheni watoto mimea yenye sumu wakati wa mvua na tena wakati wa kiangazi, wajue na mahali inapolala. La tatu nawaambia wadogo zangu wa Kidato cha Kwanza na cha Pili.

Mwezi wa Novemba sisi wa Kidato cha Nne tutafanya mtihani wetu wa mwisho na kuondoka. Miche kumi na minane ya mbegu itakuwa ikitokeza siku hizo hizo. Kwa hesabu yangu itachanua mwakani au mwaka wa baada yake, na aliyeipanda hatakuwapo. Wala sioni huzuni, maana wale waliojenga bweni nililolala miaka minne sikuwaona sura, na paa lao halikuvuja. Ninachoomba ni daftari lisikatwe. Kila Jumamosi mmoja wenu aende, atazame, aandike, hata juma ambalo hakuna cha kuandika ila "mchanga mtupu". Juma kama hilo ndilo lenye faida kuliko yote, kwa kuwa ndilo litakalomwambia mtu wa mwezi wa Septemba, mwenye jembe mkononi, kwamba mahali hapa pana kitu.

Daftari liko kwa mwandishi wa Chama, Kidato cha Pili. Ufunguo wa seng'enge uko ofisini kwa Bwana Mwalimu. Na mkisikia mwanafunzi mgeni akiuliza jina la ua lile, msimwambie upesi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne,
Chama cha Bustani